Wajina wa Baba Mkwe

Ijumaa, 1 Agosti

Umeme ulirudi asubuhi. Nikawasha kwanza taa ya mjusi, ndipo nikachomeka pasi ya kazi yangu ya kushona. Wateja wangu wasisikie. Gauni la ubatizo limelala na mikunjo yake, mjusi anaota joto.

Panzi watatu tu leo. Baridi haijaisha, na nyasi za kando ya reli zimekuwa za kuwashia moto. Nikamkatia majani ya lengalenga na karoti kidogo. Alinipungia mkono kabla ya kula. Hufanya hivyo: huinua mguu mmoja wa mbele na kuuzungusha polepole, kama askofu anayepita ndani ya gari. Nilimpungia pia. Hakuna aliyeniona.

Jua lilipofika uani, Papa alikuwa kitini pake. Kofia kichwani, rozari mkononi, mjusi kifuani. Baba mkwe wangu haoni tena ila mwanga na vivuli. Lilianza jicho la kulia, la kushoto likafuata. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mjusi anamjua kwa vidole na kwa uzito.

Binti yangu Clarisse yuko likizo. Analala mpaka jua limpate miguuni. Nimenung'unika, lakini siku imekuwa nzuri.

Jumapili, 3 Agosti

Tantine Euphrasie, dada mdogo wa Papa, alitoka Naviundu baada ya misa. Akanikuta ninamwogesha mjusi katika beseni la maji ya uvuguvugu. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, salamu akaisahau.

“Mama Clarisse, uko nanawisha beau-père yako mu bassin? Auna na haya?”

Kwake mjusi ni beau-père, baba mkwe wangu. Kosa si langu. Mume wangu Placide yuko mgodini Kolwezi, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Wakati wa mvua alikuja na sanduku la kioo, na ndani yake mjusi huyu. Mhandisi mmoja mgeni alikuwa amemaliza mkataba na hakuweza kupanda naye ndege. Pogona, ndivyo wanavyomwita. Kwao ni Australia. Urefu wake ni mkono wangu mpaka kiwiko, rangi yake ni vumbi la Julai, na chini ya kidevu ana miiba miiba. Papa aliomba kumshika. Akapapasa kidevu cha mjusi, akapapasa chake, akacheka. “Huyu iko na ndevu sawa miye. Njo homonyme yangu.” Akampa jina lake palepale, mbele yetu sote.

Nilidhani ni mzaha. Lakini kwetu jina halina mzaha. Ukimpa mtu jina lako, huyo ni wajina wako, na wajina wako ni wewe. Unamletea zawadi. Unamuuliza hali. Akikohoa, unajipapasa kifua. Na mimi ni mkaza mwana: jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwangu. Halipiti hata kwenye karatasi hii. Basi nina mnyama nyumbani nisiyeweza kumwita. Ninamwita Monsieur, yaani Bwana. Nikimwogesha ninatazama ukutani na kusugua mgongo peke yake. Tumbo sijawahi kuligusa wala kuliangalia. Kuna mipaka.

Tantine alikunywa chai yake huku ameligeuzia beseni mgongo. Nilipokwisha kumsindikiza nilicheka jikoni peke yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Habari njema. Madaktari wa macho wanakuja katika hospitali ya masista. Papa amepimwa leo, wamemkubali. Alhamisi tarehe 28, jicho la kulia. La kushoto baadaye. Akikosa siku hiyo, hawatarudi kabla ya mwaka ujao, na daktari aliyempima amesema waziwazi kwamba jicho lile limeiva mno. Likingoja linaweza kuharibika moja kwa moja.

Nilimwongoza kwa fimbo, kama kawaida yetu. Yeye ameshika ncha yake, mimi yangu, fimbo katikati. Mkaza mwana hamshiki mkono baba mkwe. Kwenye korido kijana mmoja alitutazama sana. Mama aliyekuwa karibu naye akampiga kiwiko.

Njiani kurudi mtaani kwetu Makomeno Papa alisema, “Ni muzuri.” Baada ya hatua chache akasema tena. Mimi nina furaha. Nimemwimbia Monsieur.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia kila mtu ninaenda Annexe, pembezoni mwa mji, kuchuma matembele shambani kwetu. Uongo. Nilienda kuwinda panzi. Karibu na kisima kuna kibonde ambacho majani yake bado ni mabichi, na panzi wamejaa. Mwanamke mzima, mama wa chama kanisani, anarukaruka na kitenge mkononi.

Wanawake wawili waliokuwa wakilima walisimama. Mmoja akauliza nimepoteza nini. Nikasema hereni. Wakaacha majembe wakaja kunisaidia kutafuta. Watu wema. Tuliinama sote watatu kutafuta hereni isiyokuwapo, na kila panzi aliyeruka mbele yangu ilibidi nimwache aende. Malipo ya mwongo.

Mwishowe nikawaambia kweli. Mjusi, baba mkwe, jina, yote. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakanijazia chupa nzima, upesi kuliko mimi. Matembele nilisahau.

Jumatano, 13 Agosti

Monsieur hajala. Jana pia hakula. Panzi wa Annexe wanamtembea kichwani na yeye anatazama mbele.

Papa alijaribu kumlisha mwenyewe. Panzi akadondoka kwenye shati. Akamtuma Clarisse kuuliza kama umeme umekatika. Umeme upo. Hata hivyo niliwasha mbabula, jiko letu la mkaa, nikaweka makaa kando ya sanduku na kufungua dirisha. Joto likawa la kutosha. Hakula.

Mchana Papa aliacha nusu ya bukari, ugali wake. Na ilikuwa na samaki, na samaki haachi kamwe. Sipendi hali hii.

Jumamosi, 16 Agosti

Amekataa kwenda hospitali.

Nilikuwa nimeleta shati la kujaribu, nililomshonea kwa ajili ya siku ile, lenye vifungo vikubwa ili asihangaike. Hakuligusa. Alimshika Monsieur kifuani kwa mikono yote miwili.

“Homonyme yangu aiko nakula. Miye ntaenda kule kufanya nini? Kama yeye anakufa, ni kusema na miye pia. Apana. Akikula, tutaona.”

Sibishani na baba mkwe. Nilisema, “Ndiyo, Papa.” Nikaingia jikoni nikakoroga sufuria isiyokuwa na kitu ndani.

Jumapili, 17 Agosti

Nimempigia Placide. Anasema baba yake ni mzee, atabadilika. Nikamuuliza, mzee gani aliyewahi kumwona akibadilika? Akasema mtandao ni mbaya. Wanaume na simu zao.

Tantine alileta maji ya baraka kwenye kichupa. Akamnyunyizia Monsieur. Monsieur akafumba macho. Tantine anasema hiyo ni dalili. Dalili ya nini? Ya maji usoni.

Hata hivyo nilipiga magoti pamoja naye. Nina hasira na mzee na nina hasira na mjusi, na nikiambiwa nichague mmoja wa kuondoka katika nyumba hii, siwezi. Ndivyo ilivyo. Sikujua kwamba nimefika huko.

Jumanne, 19 Agosti

Anakwaruza kioo tangu asubuhi. Anachimba pembe ya sanduku, karatasi nilizomtandikia zinaruka. Anachoka, anaketi mdomo wazi, anaanza tena.

Nilimtoa apumzike. Nikamkuta ndani ya kapu langu la vipande vya vitambaa, ameingia mpaka mkia, anachimbua satini ya watu.

Jambo la ajabu: hali chakula, lakini anapanuka. Mbavuni amekuwa mpana kama kitumbua. Clarisse anasema labda ni gesi. Papa anasikia kucha kwenye kioo na kila mara anageuza kichwa upande ule. Hata kulala ameacha.

Alhamisi, 21 Agosti

Loo.

Nilimwogesha mchana, nikidhani maji ya moto yatamlainishia tumbo. Macho yangu ukutani, kwa heshima. Akateleza. Nikamdaka, na mkono wangu ukamshika pale ambapo haujawahi kufika, chini, tumboni.

Vidole vikahesabu kabla ya kichwa kuelewa. Vitu vya mviringo. Vingi. Vimebanana kama maharage ndani ya mfuko.

Nikageuza kichwa. Nikamtazama tumbo lote, upande huu na ule, bila aibu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi macho ninayo na niliyaelekeza ukutani tangu mvua. Nimezaa mara tatu. Tumbo lenye kazi nalijua. Kuchimba kule, kukataa kula kule, hata kapu la vitambaa: mimi mwenyewe, siku za mwisho za mimba ya Clarisse, nilipangua kabati zima bila kujua ninatafuta nini. Mwanamke yeyote wa mtaa huu angeng'amua kwa kutazama mara moja. Ila mnyama alikuwa na jina la baba mkwe, na baba mkwe hatazamwi tumbo.

Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka nikalowa. Kisha nikaogopa. Kuku akikosa pa kutagia huwa inakuwaje? Huyu je?

Ijumaa, 22 Agosti

Nimekwenda kwa daktari wa mifugo, mama mmoja anayetibu mbwa na ng'ombe. Pogona alikuwa hajawahi kumtibu, akaniambia hivyo bila kujivuna, akampigia simu mwenzake, akarudi na majibu. Jike hutaga hata bila dume. Mayai hayo hayataanguliwa. Lakini asipopata mahali pa kuchimba atayabana ndani, na akiyabana anakufa. Anahitaji mchanga mbichi wenye kina, joto, na kutosumbuliwa.

Mafundi wanaojenga mwisho wa barabara yetu wamenipa mchanga. Nimejaza beseni kubwa, lile la kufulia. Nguo zitasubiri.

Ikabaki kumwambia Papa. Mkaza mwana hazungumzi mambo ya mimba na baba mkwe wake, achilia mbali mimba ya huyo baba mkwe mwenyewe. Nikamwita Tantine. Sijawahi kumwona akifika upesi hivyo. Alivuta kiti mbele ya kaka yake, akafungua kilemba, akakifunga upya, akasema, akimwita yaya, yaani kaka:

“Yaya, homonyme yako iko na mimba.”

Mimi nyuma ya mlango wa jikoni, ngumi mdomoni. Papa akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuita kikao cha ukoo:

“Ya nani?”

“Ya muntu hapana. Alifanya peke yake.”

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Sijasikia kicheko hicho tangu tulipomzika mama mkwe. Akasema basi ni mwanamke, basi si yeye, na jina lake analichukua. Tantine alikaa mpaka jioni, akirudia habari ile kwa kila aliyepita mbele ya nyumba.

Leo ninalala na raha. Kisingizio kimekwisha, mzee ataenda.

Jumapili, 24 Agosti

Hakuna kilichokwisha. Clarisse alimuuliza asubuhi kama Alhamisi avae koti. Akasema tungoje kwanza mama yule atage. Asipotaga je? Akasema, “Tutaona.” Asiyeona anasema tutaona. Nilitaka kurusha sahani.

Mchana nilikuwa ninamwagia mchanga maji ya uvuguvugu. Papa kitini, karibu. Akaniita mwenyewe, bila kumpitisha Clarisse wala Tantine.

“Mama Clarisse. Ile mambo ya homonyme, nilisemaka tu. Banapasula jicho na kisu, na weye uko macho, uko nasikia. Niko na woga. Ni ile tu.”

Mtu huyu maisha yake yote alifunga mabehewa relini, akipita kati ya chuma na chuma, na hakuna siku aliyosema neno hilo ndani ya nyumba hii. Nilitaka kumshika mkono. Mikono yangu ilikuwa na mchanga, na desturi ni desturi. Nikatafuta la kumtia moyo, la kanisani, la redioni. Sikulipata.

“Na miye niko na woga, Papa,” nikasema. Ndiyo ilikuwa kweli.

Akaitikia kwa kichwa. Nikaendelea kumwaga maji.

Jumanne, 26 Agosti

Bado. Alichimba shimo zuri jana, akaingia, akatoka. Leo akachimba lingine upande wa pili. Akaliacha. Anatembea juu ya mchanga kama mpangaji asiyeridhika na chumba.

Umeme ulikatika mchana kutwa. Mbabula tena. Nimepika maharage yameungua kwa sababu nilikuwa nimeinama juu ya beseni.

Papa hakugusa chakula. Mimi pia. Clarisse akala sahani zote mbili, huyo hajui huzuni. Keshokutwa ndiyo siku.

Jumatano, 27 Agosti

Ameanza saa za asubuhi, pembeni kabisa, chini ya kitambaa nilichotundika. Mara hii mchanga uliruka mpaka ukutani.

Papa alitaka kiti chake kiwekwe kando ya beseni. Akakaa, sikio limeinama.

“Iko nachimba?”

“Iko nachimba, Papa.”

Kuanzia hapo yeye ndiye mkubwa wa kazi. Redio yetu kimya. Kuku wakafukuzwa. Tantine, aliyekuja na maswali, akaonyeshwa benchi la nje. Mzee Shabani, jirani yetu wa Maniema anayetengeneza viti, alikuwa akipiga misumari. Clarisse akatumwa kumwomba. Mzee Shabani hakuuliza mara mbili, aliweka nyundo chini na kuja mwenyewe kusimama kwenye ua wa nyuma, mikono mgongoni, kama watu wanavyongoja habari ya uzazi. Ua mzima ukatulia kwa ajili ya mjusi. Magari peke yake yalisikika.

Mjusi aligeuka ndani ya shimo, kichwa nje, mkia ndani. Akakaza macho. Nilimjua. Nilijikuta ninapumua pamoja naye, na nadhani Papa alinisikia, kwa sababu naye alianza.

Lilitoka la kwanza. Jeupe, refu, laini kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Kisha jingine. Baada ya kumi na kitu niliacha kuhesabu. Nilipokuwa ninamwambia Papa, “Na lingine,” aliinua kidole kila mara, mpaka vidole vikamwishia.

Mjusi alipomaliza alifukia shimo lake mwenyewe, kwa uangalifu, kichwa chake akikishindilia kwenye mchanga. Mayai yasiyo na kitu, naye anayafukia hivyo. Nikalia kidogo. Nikamtoa, mwembamba, ngozi imelegea mbavuni. Nikamwekea panzi. Alimeza wa kwanza, wa pili, wote waliokuwamo, kama mtu anayefungua mfungo.

Nilichimbua yai moja, nikaliweka kwenye sahani ndogo, nikamsogezea Papa. Alilichukua. Alikaa nalo kiganjani muda mrefu.

Kisha akaomba bukari. Alipomaliza kula akamwambia Clarisse apige koti lake brashi. Hakusema sababu, na hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 28 Agosti

Alikuwa amevaa kabla sijaamka. Shati langu la vifungo vikubwa, koti, viatu vimefungwa. Ameketi mlangoni na fimbo, ncha yangu ikiwa imenielekea.

Ndani ya teksi fimbo ilibaki katikati yetu, kila mtu na ncha yake. Mbele ya mlango wa upasuaji muuguzi alimshika mkono kwa kawaida tu, kama watu wote wanavyoshikana. Nilimwonea wivu muuguzi. Papa akageuka upande wangu.

“Uende umupatie maji yule mama.”

Sikwenda. Nilikaa kwenye benchi na rozari yake. Niliichanganya, nikaanza upya, nikaichanganya. Sijawahi kuogopa hivyo hata kwa mambo yangu mwenyewe.

Akatoka na bandeji, anataka chai. Alisema hakuumia, lakini madaktari wale wanaongea sana wakiwa kazini.

Ijumaa, 29 Agosti

Wamefungua bandeji.

Kwanza alitazama mikono yake. Juu, chini. Kisha dirisha. Muuguzi akainua vidole, akamuuliza anaona vingapi.

“Mbili,” Papa akasema. “Na kucha moja iko chafu.”

Muuguzi akaficha mkono, akacheka. Mimi nilitoka kwenye korido nikalia kwa sauti. Mama mmoja asiyenijua akanipa pole, akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, mama, anaona. Akanikumbatia hata hivyo.

Jumatatu, 1 Septemba

Heri kipofu, nimesema kimoyomoyo mara nyingi tangu juzi. Ameona buibui juu ya kabati. Ameona rangi ya ukuta. Ameona kwamba pindo la kushoto la pazia langu limekwenda upande, pazia nililojivunia. Anatembea nyumba nzima na jicho moja jipya, lingine bado lina ukungu, na hilo moja linatosha kutunyima raha. Clarisse ameanza kuamka mapema. Nacheka, lakini nimefumua pindo.

Mjusi ameonana na Papa rasmi. Placide alikuwapo, amekuja kwa siku mbili. Nilimweka mama yule juu ya kigoda mbele ya Papa. Walitazamana. Yeye akampungia mkono. Papa, taratibu, akampungia wake.

“Iko mubaya,” akasema baada ya kumwangalia vizuri. Kisha, “Iko mudogo. Pa kifua ilikuwaka munzito.”

Akasema mwanamke aliyefanya kazi kama ile hawezi kukaa bila jina, na kwamba mimi ndiye nimpe, kwa kuwa mimi ndiye mkunga wake. Heshima hiyo sikuitarajia. Nikafikiri. Nikampa jina la mama yangu mzazi, Dorothée, aliyeko Kabalo. Nimempigia simu. Ameuliza kwanza kama mnyama huyo anauma. Kisha ameagiza wajina wake alishwe vizuri.

Placide alikuwa akinywa bia yake. Ilimchukua muda. Mama yangu ni mama mkwe wake, na jina la mama mkwe halipiti mdomoni mwake. Akaniuliza sasa yeye atamwitaje mjusi ndani ya nyumba yake. Nikamwambia aonje, mimi nimeonja tangu mvua.

Papa alitazama pembeni. Mabega yalikuwa yakicheka.

Jumamosi, 6 Septemba

Joto limeanza. Nimetoa cherehani barazani. Placide amerudi Kolwezi. Clarisse yuko kwaya.

Dorothée amenenepa tena, unene wa kawaida. Analala juu ya tofali lenye jua. Papa kitini, anasoma misale, midomo ikisogea. Herufi ndogo bado zinamchosha, havai miwani, anasogeza karatasi mpaka puani.

Panzi alitua ukutani. Wa kijani, mkubwa. Nilimwona, na kwa mazoea nikaondoa mguu kwenye cherehani, nikainuka nusu.

Papa naye alikuwa amemwona. Aliweka misale kitini. Akavua kofia. Akaenda bila fimbo, goti limekunjwa, hatua moja na nyingine, kimya. Akapiga kwa kofia. Panzi akaruka mpaka kwenye ndoo. Papa akasimama, akangoja, akalifuata lile jicho lake jipya mpaka kwenye ndoo. Akapiga tena.

Alirudi na ngumi imefumbwa, anatazama anapokanyaga. Nikakaa, nikaendelea kushona.